Anayesikia kwa Pua

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi wapendwa, nanyi wahitimu wangu wa chekechea, ambao baadhi yenu mmeshaanza kuvua viatu: habari za asubuhi.

Mwalimu mkuu ameshanikazia macho nisirefushe, kwa hiyo nitasimulia somo moja tu.

Mwanzoni mwa mwaka, mama mmoja alikuja darasani kumwondoa binti yake. Mtoto hasikii tangu azaliwe, na wenzake walikuwa wamempachika jina la Kimya. Mama alisema kwa upole kwamba mwanawe anakaa tu nyuma kama mgeni, heri arudi nyumbani. Iliniuma. Nikamwomba asubiri somo liishe, naye akasimama mlangoni, mkoba wa mtoto begani.

Somo lilikuwa la harufu. Niliwaeleza watoto kwamba harufu ni vijichembe vidogo mno, wakubwa huviita molekuli, vinavyotoka kwenye kitu na kusafiri hewani mpaka puani. Nikawaambia, kwa maneno na kwa ishara, wafumbe macho, na atakayesikia harufu anyooshe mkono. Nikamenya chungwa mezani kwangu, nikingoja mikono ya mbele.

Mkono wa kwanza ulitoka nyuma kabisa. Ulikuwa wa Kimya.

Kijana mmoja wa mbele, ambaye macho hakuyafumba sawasawa, akalalamika: "Mwalimu, anadanganya. Huyu hasikii."

"Wewe umesikia?"

Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Bado."

"Basi yeye amesikia."

Upepo ulikuwa unaingia kwa dirisha lililo kando ya meza yangu na kutokea mlangoni, pale pale anapokaa Kimya, ukavibeba vile vijichembe na kuwaruka wa mbele. Na kutoka mlangoni mama akasema, "Hata mimi nimesikia." Kisha akautua mkoba chini.

Ndugu zangu, si ndivyo tusemavyo sote? Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, na mzazi husikia uchungu wa mwanawe hata asipoambiwa. Nani basi alituruhusu kumpima mtoto kwa masikio peke yake? Tangu siku ile darasa zima lilimfuata Kimya lifundishwe ishara zake, wakaanza na ya chungwa, na yule mlalamikaji leo ndiye mkalimani wake, tena mwenye maneno mengi kuliko anayemtafsiria.

Leo Kimya anahitimu. Naomba tusimpigie makofi, maana hayatamfikia. Nina chungwa mfukoni, na sasa nalimenya. Likikufikia, nyoosha mkono wako juu, umwone anavyokuona.

Naona mikono. Naona na wa mama yake.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Na wewe, binti yangu, asante kwa kusikia.