Chupa za Mama Dimbwi

Marehemu, ambaye nusu ya mji ilimwita Mama Dimbwi na nusu nyingine haikumjua kabisa, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa binti wa pili wa fundi bomba na mkunga. Tangu utotoni hakuweza kupita maji yaliyotuama bila kuchuchumaa akachungulia, na mama yake alichoka kufua pindo za magauni yake.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale relini, kisha mwaka 1975 akajiunga na sekondari ya wasichana. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa baiolojia aliweka tone la maji ya chombo cha maua chini ya hadubini, akawaambia wachore wanachokiona. Wenzake wote walichora kiumbe mwenye umbo la kandambili, yule aliyemo kitabuni. Yeye akachora tarumbeta. Akapewa sifuri.

"Huyu kwenye kitabu hayumo," mwalimu alisema.

"Kwenye maji yumo, mwalimu."

Akatolewa nje ya darasa. Ndugu waombolezaji, familia hii bado inaihesabu sifuri ile kuwa uonevu mtupu. Yule tarumbeta yupo. Ana seli moja tu, kavaa vinyweleo ambavyo huogelea navyo na kujilisha navyo, na ukimshtua hujikunja akawa kidonge. Jamaa zake ni wa kila namna: kuna wenye kichwa cha kengele juu ya shina, kuna wanaorefusha shingo mpaka mwili unasahaulika, kuna wanaotembea kwa vishungi vya vinyweleo utadhani wana miguu. Wote hao wamo katika maji baridi, haya ya mito na madimbwi yasiyo na chumvi, ambayo sisi tunayaruka huku tumekunja suruali na kukunja uso.

Mwaka 1986 aliajiriwa chuoni, katika idara ya viumbe hai, na hakuhama hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa. Kazi yake ilikuwa kujua nani anaishi wapi. Alizunguka na wavu mwembamba, akachota katika mitaro, visima na mashimo, akarudi na wakazi wa kila dimbwi na kuwatunza hai katika chupa zilizopangwa ukutani kwake. Aliwalisha punje ya ngano iliyochemshwa, na maji yakianza kuchoka akawahamishia mengine. Maji hayo yalikuwa ya mvua. Ya bomba hakuyaruhusu hata tone, maana dawa inayotukinga sisi huwaua wao. Hili aliwaambia wanafunzi, wafagizi na wakuu wa idara, tena na tena, mpaka wakawa wanammalizia sentensi. Shimo la kiwanda cha matofali lilikuja kujengwa ghala, na chemchemi ya nyuma ya soko ikamwagiwa zege. Wakazi wa humo wakabaki ndani ya chupa zile tu, basi.

Tarehe 2 Septemba 1989 alifunga ndoa na fundi cherehani. Walikutana pale alipompelekea wavu uliochanika.

"Unavua samaki gani na kitambaa laini hivi?" fundi aliuliza.

"Wasioonekana."

"Basi ni vizuri. Hata ukirudi mikono mitupu hakuna wa kukucheka."

Nyavu zake zote baada ya hapo alizishona fundi huyo, ambaye amekaa hapa mbele.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na Januari 2024 akalazwa. Hapa wenye moyo mwepesi watuwie radhi. Mkuu mpya wa idara alikuwa anatarajia wageni. Akaona maji ya chupa zile yana rangi ya chai, akaona haya. Mtu mwenye shahada ya viumbe hai akaagiza chupa zioshwe kwa sabuni, zijazwe maji ya bomba, na vibandiko vyenye jina na mwandiko wa marehemu vitazame mbele! Wageni walipita, wakasoma vibandiko, wakasifu, wakapiga makofi. Waliyapigia makofi maji ya bomba. Kazi ya maisha ya mtu ilikuwa imeshapita kwenye karo.

Mumewe ndiye aliyemfikishia habari wodini.

"Hata tarumbeta wa shimo la matofali?" akauliza.

"Hata yeye, mama."

Akaisukuma kando sahani ya chakula. Kisha akasema, "Fundi, nenda ukaniondolee jina langu pale. Sitaki liseme uongo."

Fundi alikwenda. Akaambiwa, "Shemeji, jambo hili linahitaji kikao." Akarudi tena, kikao hakijakaa. Marehemu alifariki dunia tarehe 9 Machi 2024, akiuliza kama jina limeshatoka. Siku iliyofuata idara ikatuletea shada la maua na kadi: mkusanyiko wa marehemu "ungali hai miongoni mwetu". Ungali hai! Tulisoma maneno hayo tukakasirika, na hatuoni sababu ya kuificha hasira hiyo leo.

Juzi fundi aliondoka msibani bila kuaga, na kitambaa na chupa ya maji ya moto. Mlinzi wa idara alimfungulia mlango, akasema, "Mzee, mimi nipo upande wa pili, sijaona kitu." Fundi akavibandua vibandiko vyote, kimoja kimoja, bila kuchana hata kimoja. Jana mkuu wa idara akampigia simu.

"Shemeji, sasa watu watajuaje chupa zile zina nini?"

"Andika maji ya bomba," fundi akamjibu, akakata.

Katika ratiba hii hamtaona salamu za idara. Mchapaji hajakosea.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake wa kiume anayewasomea haya. Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani. Dada, jina lako limeshatoka pale.