Ufunguo wa Leseni na Siku Tatu za Ba'mdogo Sáu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Tạ Hoài Nghiêm, gari lako limeshawashwa, kiyoyozi kinapuliza, na mguu wako mmoja umo ndani. Usiutoe. Tumeambiwa ratiba imebana na una uzinduzi mwingine ng'ambo ya mto. Basi risala tutaisoma hapahapa mlangoni, nawe utusikilize kwa sikio lililobaki nje.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa Gereji ya Ushirika ya Rạch Bần tunakukaribisha, ingawa unaondoka. Umekaa nasi dakika kumi na nane, na nusu yake ni za kupiga picha. Tunashukuru kwa ufunguo mpya wa leseni uliotukabidhi mbele ya kamera. Kwa nini umekuja nao leo na si mwezi uliopita, tunajua, na wewe unajua. Wapiga picha wako hawajui, kwa hiyo tutasema.

HISTORIA FUPI

Gereji hii ilianza kwa kutengeneza pampu za mashamba ya mpunga. Fundi mkuu alikuwa Ba'mdogo Sáu, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisikia injini inavyokohoa na kuutaja ugonjwa kabla dereva hajashuka. Kisha yakaja magari yenye maringo. Gari la siku hizi likiumwa halisemi na fundi, linasema na kompyuta tu. Ndipo tukanunua programu ya kupima magari ya kampuni yenu, kwa njia ya halali, yenye muhuri, pamoja na ufunguo wake: kijiti kama flashi, kinachomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kisipoonekana, programu haifunguki. Jirani yetu Quới alipata nakala ya wizi isiyodai ufunguo wowote. Tulimcheka. Tunaomba iandikwe kwamba tulimcheka.

Fundi wenu wa kufunga programu, Bwana Thoại, alitufikia tarehe ishirini na tatu ya mwezi mwandamo. Wewe si mgeni wa nchi hii, Mgeni rasmi. Tano, kumi na nne, ishirini na tatu: siku hizo hata matembezi yana hasara, sembuse kufungua kazi. Ba'mdogo Sáu akamsihi arudi siku nyingine.

"Ba'mdogo, mimi sina siku nyingine," akasema Thoại. "Ni leo, au mngoje mwezi ujao."

"Basi kaa, mwanangu. Kama wewe huwezi kuifuata siku njema, tutaiita ije."

Akaisogeza saa ya kompyuta mbele siku tatu, ikawa tarehe ishirini na sita, saa mbili asubuhi, saa ya Joka. Kuku akachemshwa. Udi ukawashwa mbele ya sanamu ya Ông Địa, mungu wetu wa ardhi, akiwa pale sakafuni anacheka na tumbo lake wazi. Ufunguo ukachomekwa, programu ikafunguka, tukapiga makofi. Bwana Thoại aliyaona yote hayo akitafuna paja la kuku. Alisaini fomu kwa mkono wenye mafuta, akauliza kama mchuzi wa samaki umebaki.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu yalidumu siku tisa.

CHANGAMOTO

Siku ya tisa jioni mteja mmoja alirudi analalamika kwamba karatasi yake inasema atalichukua gari lake mtondo, siku tatu mbele, ilhali ameshalikalia. Karani wetu Lượm, ndiye anayekusomea hapa, akaona kosa, akairudisha saa ya kompyuta mahali pake. Asubuhi yake skrini ikaandika: "Ufunguo haupo." Wakati huo gari la wagonjwa la zahanati ya tarafa lilikuwa juu ya jeki, magurudumu hewani, likingoja kompyuta ilifungulie giaboksi.

Ba'mdogo Sáu akapiga namba yenu ya huduma kwa wateja. Akapokea binti mmoja, sauti laini, Trinh kwa jina.

"Ba'mdogo, ufunguo umeuchomeka?"

"Umeingia, binti. Taa yake inawaka."

"Kama taa inawaka, basi ufunguo upo."

"Mimi na wewe tumekubaliana. Sasa mwambie huyu mwenzetu."

Akaambiwa auchomoe, ahesabu hadi kumi, auchomeke tena. Akahesabu kwa sauti, gereji nzima ikamsaidia. Akaambiwa ahamie tundu jingine. Akazunguka matundu yote manne kama anayetafuta chumba cha kupanga. Akaambiwa asafishe kwa spiriti. Akaambiwa azime kinga ya virusi, na virusi wakaingia. Akaambiwa afute programu na kuifunga upya. Mtaalamu wenu mmoja alimwambia ayaondoe majivu ya udi, kwa kuwa teknolojia haipendi ushirikina. Neno hilo tumelihifadhi.

Siku thelathini na saba, Mgeni rasmi. Wagonjwa wa tarafa walibebwa kwa pikipiki hadi kwenye kivuko, katikati ya watu wawili, kama godoro. Mke wa dereva wa gari la wagonjwa alijifungulia kwenye foleni ya kivuko. Mtoto ni mzima, ana mapafu ya kutosha kuisoma risala hii mwenyewe.

Siku ya thelathini na nane Ba'mdogo Sáu alikuwa akichana karatasi ya kalenda ukutani, kama kila asubuhi. Vidole vina grisi, zikatoka tatu kwa mpigo.

"Ba'mdogo, unakimbilia wapi?" Lượm akamtania. "Kazi ya leo yenyewe imekushinda!"

Hakucheka. "Ile saa ya kompyuta, nani aliirudisha nyuma?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jioni ile. Kesho yake ufunguo ukafa."

Akaketi juu ya tairi. Wataalamu wenu wote walikuwa wamelishika tundu. Yeye akaishika saa. Ufunguo uliona siku zimerudi nyuma, ukadhani unaibiwa, ukajifunga. Sote tulimwambia, "Nyamaza, waache waendelee kutafuta." Akakataa, akapiga simu.

"Binti, kosa ni langu. Niliisogeza saa nipate siku njema, kisha ikarudishwa."

"Ba'mdogo, simu hii inarekodiwa."

"Rekodi vizuri basi, isije ikakuangukia wewe."

Wiki iliyofuata ikaja barua yenu: mteja amekiri kuchezea muda wa leseni kwa nia ya kurefusha matumizi, jina lake limeingizwa kwenye orodha ya wadanganyifu, asiiguse programu hii katika gereji yoyote, ufunguo mpya utatolewa atakapokuwa hayumo katika daftari la wafanyakazi.

Mgeni rasmi, aliisogeza saa mbele. Leseni ya mwaka, inayohesabiwa tangu siku tuliyoinunua, aliipunguza siku tatu. Ni mwizi gani huyo anayeingia dukani na kuacha mali juu ya kaunta? Na kuhusu ushirikina: jengo lenu jipya lilikuwa lizinduliwe tarehe kumi na nne ya mwezi mwandamo. Kadi za mwaliko zilibandikwa kikaratasi cheupe, juu yake kumi na sita. Tulikikwangua kwa kucha.

OMBI

Tuliandaa maombi saba. Kwa kuwa mlango wa gari unataka kufungwa, tunabaki na moja: lifuteni jina la Sáu kwenye orodha ile. Hatuombi fidia wala semina. Tunaambiwa ni kubofya mara moja tu, na ufunguo wa kompyuta hiyo mnao wenyewe.

HALI ZA WATU HADI LEO

Bwana Thoại amepandishwa cheo, anafundisha wafungaji wapya. Kitabu chenu cha maelekezo kina ukurasa mpya wa kwanza: "Usibadilishe saa ya kompyuta." Aliyeligundua hilo hakutajwa. Trinh ameacha kazi, anauza chai kwao. Gari la wagonjwa lilifunguliwa na Quới, kwa nakala yake ya wizi, katika dakika kumi na moja. Quới sasa ana foleni, naye hatucheki.

Ba'mdogo Sáu hakufukuzwa. Alikuja asubuhi moja, akalikata jina lake mwenyewe kwenye daftari kwa rula, akabeba boksi la spana, akapanda basi la Năm Căn. Anatengeneza injini za boti. Hazina kompyuta. Hakuna aliyemshika mkono kumzuia, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ana watoto wa shule. Ufunguo mpya tumeuchomeka leo saa tatu. Unafanya kazi.

Safari njema, Mgeni rasmi. Mbingu ikupe afya, ardhi ikupe njia kavu, na siku zako zote ziangukie tarehe njema pasipo kusogezwa.

Ni sisi, wafanyakazi kumi na mmoja wa Gereji ya Ushirika ya Rạch Bần, tuliokuwa kumi na wawili.