Marehemu Ezron Simbeye, Fundi wa Lori la Betri Mbili

Mchungaji, wazee, ndugu mliovuka mpaka tangu alfajiri, na ninyi mnaonong'ona kule nyuma, familia inaomba masikio yenu kidogo, kwa kuwa mengi yamekwisha kusemwa juu ya marehemu na siyo yote ya kweli.

Marehemu Ezron Simbeye alizaliwa hapa Mpemba tarehe 3 Machi 1917, mwaka ambao wanaume walikuwa wakikamatwa kubeba mizigo ya vita, mtoto wa pili wa mzee Raphaeli na mama Anastazia, akimfuata dada yake Ketrina. Alisoma shule ya misheni ng'ambo, upande wa Rodesia, kuanzia 1927 hadi 1931, akaishia darasa la nne, na angeendelea kama asingeifungua saa ya mwalimu ili aone kinachoigonga, maana vipande viwili havikuonekana tena.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, akawekwa karakana ya magari huko Kenya, akarudi Februari 1946 na suruali tatu za kaki na maarifa ya dizeli. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo alifunga ndoa na Enesi, binti wa Kamsamba, ambaye baadhi yenu mlisema kisimani kwamba mtu wa joto hataiweza baridi ya Mbozi, akaiweza karibu miaka kumi, na Mungu akawajalia Luka, Nesta na Mika.

Januari 1947 marehemu aliandikwa fundi katika shamba moja la kahawa huko Mbozi, ambalo hatulitaji jina kwa kuwa karani wake, ndugu Osea, yuko nasi hapa na amevaa tai.

Mwaka 1949 injini ya petroli ya lori la shamba ilikufa, bwana mwenye shamba akanunua injini ya dizeli kwenye mabaki ya jeshi, na matata yakaanza, kwa sababu stata ya injini ile ilitaka volti ishirini na nne, lakini taa, honi na dainamo ya lori vilikuwa vya kumi na mbili, ukiipa stata kumi na mbili inakohoa tu, ukizipa taa ishirini na nne zinapasuka. Marehemu aliweka betri mbili za kumi na mbili chini ya kiti, akaunda swichi kwa mikono yake, ukiivuta betri zinafuatana na nguvu zake zinajumlishwa, injini inawaka, ukiirudisha zinakaa bega kwa bega kama betri moja kubwa, taa zinapona na dainamo inazilisha zote mbili. Ilikuwa kazi safi, ila tusidanganyane mbele ya jeneza, ndugu yetu alikuwa na maringo, swichi ile aliifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo akauvaa shingoni, na dereva Andongwisye alipomwomba amwonyeshe, alimjibu, "Wewe shika usukani, kaka, haya ya ndani yana wenyewe."

Bwana naye aliona kwamba lori haliwaki bila mtu huyu, akampa nyumba ya bati, akakifungia kipande chake, ile kadi ya kazi, kwenye droo, na tangu hapo marehemu hakupewa likizo hata moja, na kutoroka bila kipande mnajua kulikuwa ni kwenda jela. Mama Anastazia alifariki tarehe 11 Juni 1952, marehemu akaomba siku tatu, akajibiwa kupitia karani kwamba kahawa inavunwa na lori lazima liende Mbeya kila siku, mama akazikwa bila mwanawe, naye alikuwa maili arobaini tu kutoka hapa.

Baada ya matanga yale aliuvua ufunguo shingoni, akamfuata Andongwisye amfundishe bure, na Andongwisye akasema, "Hapana, fundi, nikijua leo, kesho mama yangu naye atazikwa na majirani." Akamwendea seremala Ambilikile, huyo akadai macho yake hayaoni waya, macho yaleyale yanayoona pombe ya ulezi ikiwa ng'ambo ya mto. Mwaka 1953 bwana alileta fundi kutoka Mbeya, akapasua taa zote kwa dakika moja, akaondoka bila kuaga. Basi ndugu yetu alibaki amelibeba jambo lake, analigawa na hakuna wa kulipokea.

Kifua kilimwanza Novemba 1955. Tarehe 9 Agosti mwaka huu alizidiwa, wanaume wanne wakambeba kutoka kitandani hadi kwenye lori, si kumlaza, kumkalisha, ili awashe gari la kumpeleka hospitali, akaliwasha, akaanguka begani kwa mkewe. Huko Mbeya mlinzi wa hospitali aliamuru injini izimwe, na lori likazimika siku nane, hata karani akaja kusimama kando ya kitanda akisema, "Fundi, huwezi kuinuka dakika mbili tu?" na marehemu akageukia ukutani.

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Agosti 1956, saa tatu asubuhi. Saa nane mchana, mwili ukiwa umekwisha kupakiwa, Enesi alipanda kwenye lori mbele ya watu wote, akafungua sanduku kwa ufunguo wa mumewe, akavuta swichi, likawaka, akairudisha, hata taa moja haikupasuka, kwa kuwa mke anayepeleka uji garini kila alfajiri kwa miaka saba haangalii milima tu. Andongwisye alipomuuliza mbona hakusema, alijibu, "Wangetufunga wawili, shemeji, watoto wangelelewa na nani? Ingia, twende Mpemba."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya waliomhudumia hadi mwisho, majirani walioleta kuni na unga kabla ya kuombwa, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi, na ndugu Andongwisye aliyejua kwamba njia ya kurudi shambani ilikuwa fupi zaidi na hakuifuata. Na kwa kuwa karani ametuma mtu jikoni mara mbili kuuliza lori litawashwa saa ngapi, familia inamjibu hadharani kwamba anayejua kuliwasha amefiwa, yumo ndani na wanawake wenzake, na matanga yakiisha anabaki hapa kulima shamba la mkwewe, kwa hiyo karani atafute ng'ombe wa kulivuta, na wawe wengi, kuna mlima.

Ezron, umefika kwa mama yako, pumzika kwa amani.