Maisha ya Gertrude Kinunda, Aliyeitwa Mama Othmar

Marehemu mama yetu, Gertrude Kinunda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Mkumbi, wilaya ya Mbinga. Alisoma shule ya msingi hapahapa hadi darasa la saba. Mwaka 1978 alikwenda Songea kwa mafunzo ya ualimu wa chekechea, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha watoto wadogo wa kigango chetu. Kazi hiyo aliifanya hadi miguu ilipomkatalia, mwaka 2016.

Alifunga ndoa na baba yetu, Ladislaus Hyera, tarehe 8 Novemba 1980. Baba alikuwa akipandisha usipa, wale dagaa wadogo, kutoka ziwani kuja kuuza huku milimani, na alipomwona mama hakushuka tena. Mimi Edina, ninayesoma wasifu huu, ndiye mtoto wao wa kwanza. Nalisema mapema kwa sababu wengi wenu mnasahau.

Kina mama mliomletea watoto mnakumbuka namna yake. Alimsalimia mtoto mchanga kama mtu mzima, "Umeamkaje, baba?", kisha akanyamaza akimtazama usoni, mpaka mtoto apige teke au atoe kasauti. Hapo ndipo alipoendelea na mazungumzo. Mzazi akiingilia alimwambia, "Usimjibie, dada. Mwache apate zamu yake." Alisema mtoto hajifunzi kusema kwa kusikia maneno tu, anajifunza akiona kuna mtu anayemngoja. Sisi wa nyumbani, tuliokwisha kujua kusema, tulijibiwa akiwa anatembea.

Mwaka 1988 jirani yetu Rosina alifariki, na mama akamchukua mwanawe, Othmar. Alikuwa na miaka mitatu na hasemi hata neno. Wengine walisema ni bubu, wengine wakasema amerogwa. Mama alimbeba mgongoni na ukubwa wake wote, akaenda naye shambani akimwonyesha mahindi, majembe na mawingu. Mimi nilikuwa na kidonda mguuni, na nilitembea nyuma yao nimebeba kapu. Nilimwonea wivu mtoto yule.

Siku moja, watu wamejaa jikoni, mama alimuuliza, "Othmar, tutie chumvi kwenye maharage?" Akangoja. Baba akasema, "Tia bwana, watu wana njaa." Mama hakugeuka. Maharage yalikaribia kuungua ndipo mtoto akasema, "Tia, mama."

Kuanzia siku hiyo kijiji kizima kilimwita Mama Othmar. Mimi nilimwita mama tangu mwaka 1982, na hakuna aliyeona kuwa ni habari. Kwa desturi yetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo lilikuwa langu.

Juni 2023 mama alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na sauti ikapotea. Nilifunga cherehani yangu mjini Mbinga nikarudi kumuuguza. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikakaa nikangoja, kama nilivyomwona akifanya kwa watoto wa watu. Hakuitikia. Sikukuu ya Krismasi Othmar alikuja kutoka Ngaka, anakoendesha lori la makaa ya mawe, nguo bado nyeusi. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama." Mama akamtazama kwa muda mrefu, midomo ikahangaika, akasema, "Marahaba."

Nilikuwa mlangoni nimeshika uji. Nilitoka nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Hakusema tena. Alifariki nyumbani Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha mume, watoto aliowazaa, ambao ni mimi, Florian na Beata, mtoto aliyemlea, Othmar, na wajukuu saba.

Mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutia udongo, na nafasi hiyo simwachii mtu. Lakini Othmar, sogea usimame karibu yangu. Kabla sijatia udongo, mwamkie wewe. Kama kuna sauti yoyote iliyobaki kwake atakupa wewe, na mimi nataka niwe karibu niisikie.

Mungu ampe mama yetu pumziko lenye amani.