Bi Gundi Mbichi, Fundi wa Kadi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda cha uchapaji, na ninyi nyote mliokaa hadi kule nje ya geti, poleni na msiba. Aliyepaswa kusimama hapa ni mume wangu, mdogo wake marehemu, lakini sauti imemkauka tangu juzi, kila akifungua mdomo yanatoka machozi, kwa hiyo familia imenituma mimi, wifi yake marehemu, niliyeishi naye miaka arobaini na ushei tukigombana na kupatana kama mawifi wanavyopaswa. Msimamizi wa ratiba ameninong'oneza nisome kwa ufupi. Sitasoma kwa ufupi, na mwenye haraka zake anyanyuke sasa hivi tumwone sura, maana nikishaanza sitaki kuona mtu anaangalia saa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi viatu na mshonaji nguo, ambao wote wametangulia mbele ya haki, katika nyumba ambayo chumba kimoja kilikuwa cha kulala na kingine karakana, na inasemekana kitu cha kwanza alichokishika kwa mkono wake kilikuwa mkasi, akanyang'anywa, akalia, akapewa karatasi badala yake, akanyamaza. Hiyo "inasemekana" ni ya mume wangu, ambaye wakati huo hata hajazaliwa, basi ipokeeni kama nilivyoipokea mimi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza mwaka 1968, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, alikosoma tangu mwaka 1969 hadi 1972, na huko hakung'ara kwa masomo, tusidanganyane mbele ya jeneza, ila bweni zima lilimjua kwa sababu siku ya kuzaliwa ya msichana yeyote asiyepata barua kutoka kwao, msichana huyo alikuta chini ya mto wake kadi iliyokatwa kutoka kwenye jalada la daftari, imechorwa kwa kalamu za rangi za kuazima, bila jina la aliyeitengeneza. Walimu walikuwa wakimwadhibu kwa kuharibu madaftari. Hakuacha.

Tarehe 15 Januari 1973 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji, kitengo cha umaliziaji, maana yake kule mwisho kabisa ambako karatasi zikishachapwa hukunjwa, hukatwa, hubandikwa na kufungwa, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, kwenye meza moja ndefu waliyokaa wanawake wakitazamana, mikono inafanya kazi na midomo nayo haina likizo, kila mmoja anajua homa ya mtoto wa mwenzake na vituko vya mume wa mwenzake, na siku ukikosa kuja watu wanakuulizia kabla ya saa ya chai. Wenzake wa meza ile mliobaki nawaona pale, asanteni kwa kuja. Mimi naamini, na nalisema bila kupepesa macho, kwamba miaka yake yote ya baadaye alikuwa akiitafuta meza ile.

Jumamosi ya tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na dereva wa malori ya safari ndefu, mtu mpole, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, ambaye kazi yake, Mungu amrehemu, ilikuwa kuondoka, na tarehe 3 Mei 1979 walijaliwa mtoto wao mmoja tu, binti, mboni ya jicho, ambaye alisomea uuguzi na mwaka 2004 akaenda kufanya kazi ng'ambo, na ndiye huyu aliyekaa hapa mbele bado na uchovu wa safari. Tarehe 2 Novemba 2011 mume wa marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, watu wakajaa kama mlivyojaa leo, matanga yakaisha, viti vikarudishwa, na nyumba hii ikabaki na mtu mmoja.

Wifi yangu hakuwa mlalamishi, hata siku moja hamkumsikia akisema yuko mpweke, lakini ukiingia ndani unakuta redio inazungumza jikoni na nyingine inazungumza chumbani, ukimuuliza anakwambia anapenda kusikia habari, habari gani hizo za vituo viwili kwa wakati mmoja? Ukimpigia simu kumjulia hali atakuuliza umepika nini, umepikia sufuria gani, ile kubwa au ile yenye mfuniko uliobonyea, na je, kimeungua? Mpaka sufuria zako zote ziishe. Alikuwa anakushikilia tu usikate, masikini.

Mwaka 2012 ndipo alipoanza kutengeneza kadi za kuuza hapahapa nyumbani. Alikuwa akikusanya karatasi chakavu, anazichanachana na kuziloweka kwenye ndoo, anazitwanga mpaka ziwe uji, anauchuja uji huo kwa wavu uliowambwa kwenye fremu ya mbao, halafu anaanika juani, na jioni anabandua karatasi mpya, nene, yenye vinyweleo, ndani yake limenasa ua au jani alilolikausha kwa kulikandamiza kwa vitabu. Kabla hajakukatia kadi alikuhoji kwanza. Unampa nani, mmejuana vipi, anapenda nini, mmewahi kukosana? Fundi cherehani aliyestaafu alitengenezewa kadi yenye futikamba ndogo ya karatasi inayochomoka mfukoni, na maharusi waliokutana kwenye foleni ya maji walitengenezewa ndoo mbili zilizoshikana mikono, tukacheka, lakini bibi harusi aliiangalia kadi ile akaikumbatia kifuani.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu wa mtaa wa pili, yule pale mwenye kofia mkononi, aliyetaka kadi ya kumuaga mkuu wake wa shule, na siku hiyo gundi kweli ilikuwa haijakauka, wifi akamwambia kaa kidogo, mwalimu akakaa kwenye kiti cha dirishani, akapewa chai, kidogo kidogo akaanza kusimulia habari za mama yake mgonjwa, alichokuja kukichukua kwa dakika chache akaondoka nacho jua linazama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kesho yake wifi alinipigia simu akaniambia kila neno alilosema mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe hakuniuliza habari za sufuria.

Tangu siku ile, ndugu zangu, gundi ya wifi yangu haikukauka tena.

Ninyi wateja wake mnajua. Ukija asubuhi, gundi bado mbichi, ukija mchana, leo hali ya hewa ina unyevu, ukija wakati wa kiangazi jua linapasua mawe, gundi hii mpya jamani sijui wanachanganya nini siku hizi, kaa kidogo, maji ya chai yako jikoni. Mlikaa, mkalalamika, mkanywa chai, mkasimulia ya wakwe na ya wapangaji, mkamwita Bi Gundi Mbichi mbele ya uso wake, naye akaitika kwa furaha kama ameitwa malkia. Mkashauriana kwamba kadi zake ni nzuri ila uende mapema. Sasa nawaambia, na yeye hayupo wa kunikana: gundi ile ilikuwa inakauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Niliijua siri hiyo siku alipokuja kwangu, mjukuu wangu akaleta kitabu kilichobanduka jalada, wifi akatoa chupa yake mkobani, akapaka, akabana kwa kidole gumba, akamrudishia mtoto, nenda zako. Nikamtazama. Akanitazama. Tulicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la gauni, kisha akaacha kucheka akasema, wifi, usiniumbue, wakijua hawatakaa.

Sikumuumbua. Walichomfanyia majirani walimfanyia kwa mapenzi, na hapa naomba msusi wetu wa saluni ya ng'ambo ya barabara anyanyue kichwa asilie, maana mwaka 2018 ni yeye aliyewahurumia wateja na kumhurumia mwenzake, akamletea mashine yake ya kukaushia nywele, nzima kabisa, imefungwa utepe, bure, ili watu wasipotezewe muda. Ungekuwa wewe ungekataa vipi? Wifi aliipokea kwa mikono miwili akashukuru. Wema hauozi, na ule kweli haukuoza, uliunguruma dirishani kila siku, mteja anafika, kadi inapulizwa, imekauka, kwaheri, na wengine hawakuingia hata ndani, walinyoosha mkono dirishani wakachukua na kwenda zao. Biashara ikawa nzuri kuliko wakati wowote. Kiti cha dirishani akaanza kukiwekea mafurushi ya karatasi.

Hakukubali upesi, alikuwa mkaidi, ukiolewa na dereva wa lori lazima uwe mkaidi, siku moja akachukua mkasi akakata waya wa ile mashine kwa mkono wake mwenyewe, akawatangazia watu kwa huzuni kubwa kwamba imekufa. Fundi umeme wetu alipopata habari alikuja mbio, akaweka plagi mpya kabla maji ya chai hayajachemka, akakataa malipo, akakataa kiti, anayo kazi nyingine mtaa wa juu. Nilicheka aliponisimulia. Yeye hakucheka, alisema tu, wifi, watu wa mtaa huu ni wema mno, sina la kufanya. Baadaye mkajifunza kuagiza kwa simu na kutuma dereva wa pikipiki aje kuchukua, mkasema ni rahisi kwake, mtu mzima asichoshwe, na ndipo redio ya tatu ikaingia nyumba hii, ya sebuleni.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu na moyo, akawa anatibiwa akitokea nyumbani, hadi tarehe 27 Mei 2024 alipozidiwa na kulazwa hospitalini, katika wodi ya wanawake yenye vitanda pande zote mbili, wagonjwa wakitazamana. Ndani ya siku chache alikuwa anajua homa ya kila mtu. Aliwakunjia manesi maua kwa karatasi za maboksi ya dawa, akapatanisha mama mmoja na mkwewe, rangi ikamrudi usoni, tukasema amepona. Daktari alituita pembeni akatueleza jambo linalomshangaza, kwamba presha ya mgonjwa wetu inashuka vizuri, ila kila akitajiwa kurudi nyumbani inapanda, na kipimo hakidanganyi. Mume wangu akaondoka na kwenda kusimama koridoni peke yake. Tulipanga aje kwetu, tukamwandalia chumba, akasema sawa, akauliza kama kuna nafasi ya meza.

Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, alasiri, saa ya kuona wagonjwa, mimi nikiwa kwenye dirisha la famasia nasubiri dawa zake, wodi ilikuwa imejaa, ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani wamekosa viti wamekaa ukingoni mwa kitanda chake, wanamsimulia habari za safari yao, naye anasikiliza amefumba macho. Walidhani amelala, wakashusha sauti, wakaendelea kuzungumza. Mungu akamchukua hapo, katikati ya maneno ya watu asiowajua hata majina. Amefariki akiwa na umri wa miaka sabini, ameacha binti mmoja, mdogo wake, wifi mmoja mbishi na wajukuu wa mdogo wake huyo wasiopenda kuoga.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ile kwa uangalizi wao, hasa daktari aliyekuwa akivuta stuli na kukaa naye hata asipokuwa na la kumpima. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, tunamshukuru msusi, fundi umeme, mwalimu, na majirani wote mliokesha nasi, si rahisi kumtaja kila mmoja.

Mwisho kabisa. Tangu asubuhi wengi mmenishika mkono pale mlangoni mkaniambia kwamba tukitoka makaburini mtapitiliza makwenu, hamtaki kuwasumbua wafiwa. Ni adabu, najua, tumelelewa hivyo. Lakini nawaomba kwa niaba ya familia, jamani, tusumbueni. Binti yake atakuwa katika nyumba hii hadi mwisho wa mwezi, peke yake, na kule alikotoka pia anaishi peke yake, aliniambia jana tukiosha vikombe. Msitume mtu, msiache kitu mlangoni, njooni mikono mitupu, mkae, mzungumze hata upuuzi, mpaka awafukuze yeye mwenyewe.

Wifi yangu, leo uwanja umejaa, viti vimeisha, hakuna aliyenyanyuka, na mwenye haraka umekuwa wewe. Pumzika kwa amani.