Sentensi ya Kufuli: Maisha ya Fan Chiang Hui-chuan (1971–2023)

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika Kuanhsi asubuhi hii, haya ni maisha ya Fan Chiang Hui-chuan kama sisi wa nyumbani tulivyoyajua. Yeye mwenyewe aliagiza yasomwe bila kupambwa. Alisema tukiandika kwamba alikuwa mtulivu na mvumilivu, nusu ya watu watainuka wakidhani wamekosea msiba.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1971 huko Hsinpu, wilaya ya Hsinchu, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Fan Chiang Ah-tien na Liu Yueh-o. Nyumba ya wazazi wake ilielekea kilima, mahali ambapo upepo wa mwezi wa tisa hukausha matunda ya persimoni. Msimu ulipofika kila mtoto alipewa ungo wake. Kazi ilikuwa kuyageuza matunda na kuyaacha. Hui-chuan aliweza kuyageuza; kuyaacha hakuweza. Aliondoka hatua chache, akarudi, akayageuza tena.

"Wewe, unayakausha au unayachosha?" mama yake alimwuliza.

"Naangalia kama yamebadilika."

"Yatabadilika ukiondoka."

Alikwenda mpaka mlango wa jiko, akawa anachungulia kutoka pale.

Alianza shule ya msingi Hsinpu mwaka 1977, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Hsinchu, na mwaka 1993 akapata shahada ya sayansi ya kompyuta katika mji huohuo. Wenzake wa bweni walimkumbuka kwa jambo moja: hakujua kusoma ameketi. Alitembea na kitabu kutoka dirishani hadi mlangoni, na mlango ulipokuwa wazi alitoka nao, akarudi baadaye akiwa amelowa mvua na hajui mvua ilianza lini.

Mwaka 1995 aliajiriwa na kampuni moja ya Hsinchu inayotengeneza kompyuta ndogo za viwandani, na hakuhama tena. Kwa miaka mingi aliandika programu. Kuanzia mwaka 2006, zaidi ya kazi ya ofisi, alijitolea kurekebisha hati, yaani maandishi ya maelezo, za mfumo endeshi ambao kompyuta hizo huutumia, mfumo unaotunzwa kwa pamoja na watu wa nchi nyingi wanaojuana kwa barua pepe tu. Sehemu yake ilikuwa hitilafu za kumbukumbu. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, ni hivi: programu inapotaka ukurasa wa kumbukumbu ambao haupo mahali pake, mfumo huisimamisha, huenda kuutafuta ukurasa, huuweka, kisha huiacha programu iendelee. Programu haijui kamwe kwamba ilisimamishwa. Katika muda huo mfupi kumbukumbu hufungwa kwa kufuli, ili mwingine asiiguse. Nani anafunga kufuli, nani analifungua, na lini, hayo ndiyo aliyoyaandika marehemu.

Ni kazi wanayoikwepa wengi. Programu hubadilishwa leo, hati inabaki ilivyokuwa mwaka juzi, na mtu wa mbali anayeisoma anaiamini kwa kuwa imeandikwa. Jambo hilo lilimkosesha raha. Kwenye meza ya chakula angeweza kunyamaza, kijiko kikiwa hewani, na sisi tukajua kwamba hayuko tena pamoja nasi. Kuna sentensi mahali fulani imeanza kuwa ya uongo.

Tarehe 9 Januari 2000 aliolewa na Wei Jung-hsin, fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa hapa Kuanhsi. Karamu ilifanyika chini ya hema mbele ya nyumba ya wakwe. Chakula cha sita kilipoletwa bwana harusi aligeuka, akaona kiti cha bibi harusi ni kitupu. Alimkuta anazunguka meza hadi meza na kalamu. Menyu ilisema bata, sahani zilikuwa na kuku, naye alikuwa anafuta bata na kuandika kuku. Baba mkwe wake alimshika mkono kwa upole.

"Binti yangu, karatasi haina kosa. Aliyekosea ni mpishi."

"Lakini baba, watu wanasoma bata."

"Na walipikiwa bata. Bata yuko jikoni, amesahauliwa. Keti."

Aliketi, bata akaletwa. Ndoa hiyo ilidumu miaka ishirini na mitatu, na mume wake anasema katika miaka yote hiyo hakuwahi kumkuta kitandani asubuhi.

Sasa tunafika kwenye jambo aliloagiza lisiachwe.

Hati ya hitilafu za kumbukumbu ilikuwa na sentensi moja ya zamani. Ilisema kwamba mfumo ukimjibu mwombaji wa ukurasa, yaani msimbo wa ndani unaoutafuta kwa niaba ya programu, "jaribu tena", kufuli limekwisha kufunguliwa. Mwaka 2018 marehemu aliisoma programu yenyewe ya mfumo, akaona njia moja, isiyopitiwa mara nyingi, ambapo jibu hilo linatolewa na kufuli bado limefungwa. Akahitimisha kwamba hati imepitwa na wakati. Akaandika upya: kufuli bado limefungwa, mwombaji alifungue mwenyewe. Wakaguzi walisoma, wakashukuru, ikapita.

Sentensi ya zamani ilikuwa sahihi. Iliyokosea ilikuwa programu. Marehemu alikuwa ameifuta kweli ili hati ilingane na kosa.

Mwaka 2021 kuna mtu aliigundua ile njia mbovu katika programu na kuitengeneza. Hati ikabaki na maneno ya Hui-chuan. Kampuni ndogo ya kusini inayotengeneza vidhibiti vya mabwawa ya samaki ilifuata hati hiyo neno kwa neno. Kidhibiti chao kikawa kinafungua kufuli lililokwisha kufunguliwa, na kila ilipotokea hivyo kiliganda. Agosti 2022 kiliganda huko Putai, Chiayi, siku ya joto kali. Magurudumu yanayotia hewa kwenye maji yalisimama, na bwawa zima la samaki aina ya mwatiko likafa kabla ya adhuhuri. Fundi wa kampuni alitafuta chanzo mpaka akafika kwenye hati, akaandika kwa watunzaji wa mfumo akiinukuu sentensi na jina la aliyeiandika.

Hui-chuan alikwenda Putai. Hakuna aliyemtuma. Mume wake alimwendesha, na ndiye aliyetusimulia. Mwenye bwawa, mzee Tsai Wan-chu, alikuwa anakarabati ukingo wa bwawa kwa koleo na hakuliweka chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye kompyuta?"

"Hapana, mzee. Mimi niliandika maelezo ya jinsi inavyofanya kazi."

"Yakawa ya uongo."

"Yakawa ya uongo. Kuna sentensi moja."

"Samaki wangu wameuawa na sentensi."

"Ndiyo, mzee."

"Ndefu?"

"Fupi."

Mzee Tsai alichota koleo moja la udongo, akalimwaga ukingoni. "Ingekuwa ndefu nisingeudhika sana," alisema. Kisha akamwuliza Jung-hsin, kana kwamba mwanamke hayupo: "Huyu mkeo kaja kunililia, au kaja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuambia nitaisahihisha," alijibu Hui-chuan.

"Haya, isahihishe. Mabwawa ya jirani yangu yana mashine ileile."

Hakumsamehe, na hakumtukana. Akaendelea na udongo wake. Katika safari yote ya kurudi marehemu alifungua dirisha la gari na kulifunga, akalifungua na kulifunga.

Mtu angedhani kusahihisha ni kuirudisha sentensi ya zamani. Haikuwa hivyo. Kompyuta nyingi bado zinatumia mfumo wa kabla ya 2021, wenye ile njia mbovu, na nyingine zinatumia wa baadaye. Hati ilipaswa kuwaambia wote ukweli, kila mmoja ukweli wake, bila kumchanganya yeyote. Mtunzaji wa sehemu hiyo, Mcheki aitwaye Bohumil ambaye marehemu hakuwahi kumwona uso, aliirudisha rasimu ya kwanza, akairudisha na ya pili. Barua zake zilikuwa fupi na hazikuwa na salamu.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tayari ikiwa imesambaa. Daktari alimshauri apumzike. Alimwuliza daktari neno hilo lina maana gani hasa. Alitibiwa katika hospitali moja ya Hsinchu, akitoka na kurudi, na kila alipotoka aliketi kwenye rasimu. Mume wake alimsihi, akimwita kwa jina la binti yao.

"Mama Pin-yu, mwandikie huyo mtu. Mwambie unaumwa."

"Akijua ataipitisha."

"Si ndicho unachotaka?"

"Ataipitisha ikiwa mbovu. Nikishaondoka nani atairudisha?"

"Basi angalau keti."

"Nimeketi."

"Umeketi ukingoni mwa kitanda na viatu umevaa."

Tulitaka, sisi nduguze, kumwandikia Bohumil kwa siri. Jung-hsin alikataa. Alisema ameishi na mwanamke huyu muda mrefu wa kutosha kujua ni udanganyifu gani asingeusamehe.

Septemba rasimu ilirudishwa tena, na safari hii pingamizi lilikuwa juu ya maneno mawili. Marehemu alikuwa ameandika kwamba, katika mfumo mpya, kufuli "kwa kawaida" limekwisha kufunguliwa. Bohumil alijibu: "Kwa kawaida si ahadi. Limefunguliwa au halijafunguliwa?"

Binti yake, Pin-yu, alimsomea barua hiyo hospitalini. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. "Ana haki," alisema. "Niliyaweka kwa woga." Maana mara ya mwisho aliyoandika bila "kwa kawaida" ndipo samaki walipokufa. Ili kuyafuta ilikuwa lazima awe na hakika, na hakika haipatikani kwa kuamini. Akaanza kuisoma programu upya, njia moja baada ya nyingine, zikiwemo zisizopitiwa mara nyingi. Macho yalipochoka Pin-yu alimsomea kwa sauti, ishara kwa ishara, asielewe anachosoma, na mama yake akimwambia, "Rudi juu. Rudi tena. Hapo, nani ameshika kufuli?" Mguu wake chini ya shuka haukutulia.

Tarehe 17 Oktoba 2023 aliyafuta yale maneno mawili na kutuma. Alifariki tarehe 19 Oktoba, asubuhi, mume na binti wakiwa pembeni yake. Jibu lilikuwa halijaja.

Lilikuja tarehe 23, tukiwa Chupei, nyumbani kwa marehemu na mumewe, tunakunja maua ya karatasi ya kumchomea.

Siku ya saba ya msiba Pin-yu alimwandalia mama yake tambi pana za mchele mbele ya picha, akachoma ubani, akarusha sarafu mbili kumwuliza kama ameridhika, tuondoe chakula; zikilala tofauti, jibu ni ndiyo. Zote mbili zikalala kichwa juu: bado. Akarusha tena, bado. Shangazi mmoja akasema labda tambi hazina kitunguu, kikaongezwa. Bado.

Ndipo Jung-hsin akasimama na simu yake, akasoma kwa sauti jibu la Bohumil: "Rasimu hii ni sahihi. Imepita." Akakomea hapo, akaizima simu. "Umesikia, mama Pin-yu. Kazi imekwisha. Nenda salama."

Pin-yu akarusha. Bado.

Mama mzazi wa marehemu alikuwa chumba cha nyuma, kwa kuwa desturi hairuhusu mzazi amsindikize mwanawe. Sauti yake ikatoka huko.

"Jung-hsin. Umemsomea yote?"

"Nimemsomea la muhimu, mama."

"Nani kakwambia lipi ni la muhimu? Nimesikia umekatiza. Msomee."

Jung-hsin aliiwasha simu. "Rasimu hii ni sahihi. Imepita. Ukurasa unaofuata wa hati, wa kumbukumbu zinazogawanywa kati ya programu mbili, nao umepitwa na wakati, na una makosa kadhaa. Je, utaweza kuuangalia?" Kisha akaiambia picha, kwa sauti yake ya kila siku: "Bohumil hakujua. Nimemjibu kwamba hutaweza. Hajapatikana mtu mwingine."

Pin-yu akarusha sarafu. Moja ikalala kichwa juu, moja kichwa chini. Tukaondoa chakula.

Marehemu alitanguliwa na baba yake mzazi, aliyefariki mwaka 2009. Ameacha mume, Wei Jung-hsin. Binti mmoja, Wei Pin-yu. Mama yake, Liu Yueh-o, ambaye leo amebaki nyumbani. Kaka yake, Fan Chiang Kuo-hao. Na mdogo wake, Fan Chiang Shu-hui, aliyeandika wasifu huu. Majivu yake yanawekwa leo, tarehe 4 Novemba 2023, katika kaburi la ukoo wa Wei.

Ukurasa unaofuata bado una makosa, naye anajua. Na apumzike hivyo hivyo.