Merle Aseme Yuko Wapi

Mgeni rasmi, Bwana Curtis Wenzel, kamishna wa barabara wa wilaya yetu, Mchungaji Ingrid, ambaye hili ni kanisa lako la tatu kwa leo, majirani, na wewe LaVonne wetu uliyekaa hapo karibu na jiko:

Sisi wakazi wa Ostrem tunakusalimu, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kutuzindulia vibao vipya vya barabara.

Makaribisho

Karibu katika chumba hiki cha chini cha kanisa. Hiki ndicho ukumbi wetu, ndicho mgahawa wetu, na kimbunga kikija ndipo tunapojificha. Kahawa ipo kwenye birika kubwa, ya birika dogo haina nguvu. Mikate myembamba ya viazi imepakwa siagi na sukari kama inavyotakiwa, na pai iliyopo mwisho wa meza ni ya rubabi, yale mabua mekundu machachu, kwa hiyo usiogope kuongeza krimu.

Aya hii imeongezwa kwa penseli wakati tunakusubiri, utatusamehe mwandiko. Mheshimiwa, tulikuona. Nchi hii ni tambarare, mtu haji kwetu kwa siri. Tulisimama kwenye ngazi za kanisa tukaliona gari lako jeupe likitimua vumbi kuzunguka dimbwi la bata, likasimama, likarudi, likazunguka tena. Roy Stensland akasema labda mgeni anapenda ndege. Baadaye ndipo tukamtuma Dwight na pikapu yake akutangulie. Hatusemi haya kwa kukucheka. Tunasema kwa sababu yanahusu yale yatakayokuja mbele katika risala hii.

Historia ya mji wetu

Ostrem ilizaliwa na reli. Kampuni ya reli ilikuwa inaweka mji kila baada ya maili kadhaa, kama mtu anayepanda viazi, na hapa likaangukia shimo letu. Jina hatujui lilitoka wapi. Wako wanaosema ni bonde fulani la Norway, na wako wanaosema ni shemeji wa karani wa reli. Mabishano hayo yalianza kabla hatujazaliwa na hatutaki kuyamaliza, maana majira ya baridi ni marefu.

Tulikuwa na ghala la nafaka refu kuliko mnara wa kanisa. Tulikuwa na kiwanda cha siagi, duka la Pedersen, benki kwa muda mfupi, na shule ya matofali yenye kengele. Reli iling'olewa. Ghala likavutwa kwa kamba za chuma likalala chini. Shule ilipokosa watoto, wazima moto wa wilaya waliomba waichome kwa ajili ya mazoezi, tukawakubalia, tukaja na viti vyetu vya kukunja tukakaa kuitazama. Ilikuwa kazi nzuri, hakuumia mtu. Wengine tulilia kidogo tukasingizia moshi.

Tangu hapo ndipo tulipozoea kusema "pale ilipokuwa shule". Hatukukaa kikao kuamua. Mtu akimwelekeza mwenzake humwambia akunje kushoto pale ilipokuwa shule, aende mpaka kwenye mti wa Haugen, apite kiwanda cha siagi. Mti wa Haugen ulikatwa wengine wetu tukiwa bado na meno ya utotoni. Lakini sisi tunauona. Tunapokunja kona ile tunainamisha kichwa kidogo, kwa sababu ya matawi.

Jiografia

Wapima ardhi wa zamani waligawa nchi yetu yote kwa miraba, kila mraba maili moja kila upande. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba dunia ni mviringo, na mraba ni mraba. Kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani mistari yao ilikataa kukutana, ikabidi waikunje kidogo upande ndipo waendelee. Ndiyo maana barabara inayonyooka kama uzi kutoka kusini inafika mahali inakatika ghafla, inasogea mashariki, halafu inaendelea kaskazini kama vile hakuna kilichotokea. Wageni huingia shambani hapo, hasa wakati wa barafu. Mahali hapo tunapaita Mkunjo.

Nyumba ya Merle Brekke na LaVonne iko kwenye Mkunjo, na geti lao linatazama katikati yake kabisa. Tunaomba ukumbuke jambo hilo.

Idadi ya watu

Kibao cha kuingilia mjini kinasema tuko arobaini na mmoja. Hatujui ni nani alihesabu, wala alihesabu lini. Jumapili iliyopita tulihesabiana humu humu baada ya ibada, tukapata kumi na tisa. Roy akarudia, akapata ishirini na mmoja. Tulipochunguza tukaona amemhesabu Gladys Aune, ambaye yuko kwenye nyumba ya wazee mwaka wa tatu huu. Lakini mapazia yake tunayafua kila masika, kwa hiyo tulimwachia. Wa pili ni marehemu Rustad. Roy alijitetea kwamba taa ya uani kwa Rustad bado inajiwasha yenyewe kila jioni, na yeye akiiona anajua Rustad yupo. Hata sisi wengine tukiiona huwa tunasema, "Rustad kaamka."

Mafanikio

Mafanikio yetu makubwa ni LaVonne. Aliendesha basi la shule miaka thelathini, baridi kwa baridi, na hakumwacha mtoto hata mmoja barabarani. Akisimama kwenye geti lako na hujavaa kofia, alikuwa anakurudisha ndani. "Nenda kavae kichwa chako," alikuwa akisema, "mimi sibebi barafu." Wengi wetu hapa tumepandishwa naye, wengine mpaka watoto wetu.

Mafanikio ya pili ni vibao hivi, na tunavishukuru kwa dhati. Ni vya kijani, vinasomeka, na usiku vinang'aa.

Changamoto

Mheshimiwa, hapa tutaeleza kwa kirefu kidogo. Merle mwenyewe ameturuhusu. Mwanzoni alikataa, akasema yake ayazike yeye. Halafu juzi alikuja hapa akiwa ameshika kofia mkononi, akasema, "Semeni tu. Mimi nikisema mwenyewe nitachanganya tena."

Ilikuwa Januari, alasiri. Mbingu safi, lakini upepo ulikuwa unaifagia theluji chini chini kiasi kwamba barabara haionekani. LaVonne alikuwa anamenya viazi. Merle alisikia kisu kimeanguka, hakugeuka, akamtania kuwa uzee umemfika mikononi. Alipogeuka mkewe yuko sakafuni, mdomo umekwenda upande.

Simu yao iko ukutani jikoni, zile za mfukoni kwetu hazishiki. Akapiga ya dharura. Akapokewa na binti mmoja huko mjini, binti mpole, hatumlaumu hata kidogo.

"Mzee, gari lije wapi?"

"Watoke kwenye lami pale ilipokuwa shule, wakunje kushoto. Waende mpaka mti wa Haugen."

"Mti wenyewe ukoje, mzee?"

"Haupo. Ulikatwa."

"Sasa wataujuaje?"

"Kila mtu anaujua, mwanangu. Waambie tu mti wa Haugen."

Merle anasema wakati ule alijiona anaeleza vizuri sana. Anasema hakuwahi kuwa na akili timamu kama ile. Mpaka leo akiyarudia maneno yale kichwani haoni kosa ndani yake, na hilo ndilo linalomsumbua. Anajua yalikuwa na kosa kwa sababu ya yale yaliyofuata, lakini akiyasikiliza ni maelekezo ya kawaida, yale yale ambayo hata LaVonne angeyatoa.

Dereva wa gari la wagonjwa alitafuta mti. Akaona mti, mmoja, umesimama peke yake kwenye theluji. Ulikuwa wa Rustad. Akakunja, na jioni ikiwa imeshaingia akaona taa ya uani inawaka, akashukuru Mungu kwamba amefika. Wakashuka na machela. Wakabisha hodi kwa marehemu.

Na Merle aliwaona. Mheshimiwa, tambarare ni kitu kibaya sana siku kama hiyo. Upepo ulipotulia kidogo aliona taa nyekundu zikizunguka, maili nzima kutoka kwake, kwenye uwanja usio wake. Hakuweza kwenda, maana hakutaka LaVonne aamke akute jikoni hamna mtu. Alipiga simu tena, ikawa inatumika. Basi alisimama mlangoni, jicho moja kwa mkewe, mkono kwenye swichi ya taa ya uani, akawa anazima, anawasha, anazima, anawasha. Anasema alikuwa anaongea peke yake. "Huku, jamani. Huku. Huyo amekufa, huku bado."

Mwishowe waliiona taa yake, wakaja.

Daktari alisema LaVonne atapona, na kwamba angefikishwa mapema kidogo maneno yangebaki. Alisema pia kwamba kiharusi kama kile kina tabia ya kurudi. LaVonne yuko nasi leo, anatusikia, anaelewa kila kitu, lakini hana maneno. Merle akimpakia kwenye gari wakatembea, LaVonne ananyoosha mkono wa kushoto kila mahali palipokuwa na kitu. Shule. Haugen. Kiwanda cha siagi. Hakosei.

Kwa hiyo tuliposikia kuna vibao vinakuja na kila nyumba itapewa namba, wa kwanza kufurahi alikuwa Merle. Aliwapelekea mafundi kahawa shambani.

Mafundi wa kusini wakaja wakihesabu kutoka kusini. Wakafika Mkunjo, wakasimika kibao: Barabara ya 61. Wakampigilia Merle namba yake getini. Baada ya siku chache wakaja mafundi wa kaskazini wakihesabu kutoka kaskazini. Wakafika Mkunjo, wakasimika kibao: Barabara ya 62. Wakampigilia namba nyingine kwenye nguzo ya pili ya geti lile lile. Merle aliwauliza kwa upole ipi ni ya kweli. Wakamwambia zote mbili ni sahihi.

Alipiga simu kule mjini, akabahatika kumpata binti yule yule. Wakakumbukana. Alimwomba aziangalie zote mbili kwenye mashine yake. Binti akaiandika ya kwanza, halafu akasema, "Mzee, hii ya kwanza inanionyesha uko majini." Ni lile dimbwi la bata, mheshimiwa, ulilolizunguka leo. Ya pili inaonyesha shamba tupu la alizeti.

Wengine nasi tumechanganyikiwa, kila mtu na yake. Roy amezaliwa hapa, na sasa anasimama kwenye kona yake mwenyewe kusoma yuko wapi, halafu anakasirika. Dwight alimtajia binti yake aliyeko Arizona namba mpya ya nyumba, akamlilia kwenye simu, "Baba, umehama na hukuniambia?" Haya tunayacheka. La Merle hatulicheki. Amebandika namba zote mbili juu ya simu, akaziondoa, akazibandika tena. LaVonne akikohoa tu usingizini, anatuambia Merle, yeye hujikuta ameshaanza kuchagua namba ya kusema.

Tangu Januari tumejiwekea utaratibu wetu. Merle akihitaji gari atampigia Dwight, Dwight atatupigia wengine, na kila mtu ataenda na gari lake asimame kwenye kona, taa zikiwa zimewashwa, kutoka kwenye lami mpaka Mkunjo. Tulijaribu mwezi wa tatu. Tuligundua kona ni nyingi kuliko watu wanaoweza kusimama kwenye baridi. Pale kwenye mti wa Haugen hatukupata mtu. Roy akasema Rustad angefaa, si anayo taa.

Maombi

Tulikuwa tumeandika maombi mengi. Changarawe, daraja dogo la upande wa mashariki, na kwamba chini ya kila namba liandikwe kwa herufi ndogo jina tulilolizoea. Yote hayo tunayaacha mikononi mwako, ukipata nafasi.

Ombi letu la leo ni moja. Akiulizwa gari lije wapi, Merle aseme nini?

Hatutaki jibu la kwamba zote ni sahihi. Simu ya kanisa iko ukutani pale, nyuma ya birika. Tunaomba ukimaliza pai yako, kabla ya kukata utepe, uinuke upige wewe mwenyewe kule mjini, Merle akiwa amesimama kando yako. Uwatajie namba moja. Uwaulize wanaiona wapi. Kama wanaiona majini, uwaambie waitoe majini hapo hapo ukiwasikia. Namba usiyoitaja Merle ataing'oa getini mwenyewe jioni hii, nyundo ameshaiweka garini. Amekaa kiti cha karibu na simu tangu asubuhi, huenda ulidhani hataki kukaa na watu.

Hitimisho

Mheshimiwa, hatukukualika ili kukulaumu. Umekuja kwa gari lako, umepotea, umefika, na hukukasirika mbele yetu, na sisi tumeliona hilo. Dwight atakutangulia tena mpaka kwenye lami.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako. Akujalie siku utakayopiga simu ipokelewe, na siku utakayosema ulipo uaminiwe, na wanaokutafuta waione taa yako kwanza kabla ya ile ya jirani.

Ni sisi,
Wakazi wa Ostrem,
pale lilipokuwa ghala la nafaka.